Mkwawa na mjukuu wake: Kalenga walivyolipata fuvu, na kwa nini Songea bado wanasubiri

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji. Aliweka ua kwenye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akazungumza na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kisha akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Alisema pia kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea, ingawa hakuahidi kuwa litapatikana.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini habari ile ilisikilizwa kwa sikio la pekee, kwa sababu sisi tuna fuvu lililokwisha kurudi. Lipo Kalenga, mwendo wa nusu saa kutoka Iringa mjini, tangu mwaka 1954. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: kwa nini Kalenga walipata na Songea wanaendelea kusubiri?

Jibu linalotolewa vijiweni ni kwamba Mkwawa alikuwa shujaa kupita wengine. Mimi sikubaliani nalo. Hakuna serikali iliyorudisha fuvu kwa kuheshimu ushujaa. Lilirudi kwa sababu kulikuwa na serikali yenye nguvu iliyolitaka lirudi kwa faida yake, na kwa sababu Kalenga palikuwa na mtu aliyejua kukaa meza moja na serikali hiyo bila kupoteza heshima ya nyumba yake. Mtu huyo ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye Watanzania walimfahamu kama Spika wa Bunge. Ukizitazama kazi za hao wawili pamoja, babu na mjukuu, unaelewa vizuri zaidi mazungumzo yanayoendelea leo kati yetu na Berlin.

Mkwawa kabla ya Lugalo

Ukimtaja Mkwawa, wengi wetu picha inayokuja kichwani ni mkuki. Vitabu vya shule vimetuzoesha hivyo, na kambi ya jeshi ya Lugalo pale Dar es Salaam imepewa jina la vita vyake. Lakini mtu huyu alikuwa kwanza mtawala wa nchi, na kutawala ni kazi ya maneno zaidi kuliko mikuki.

Jina lake refu ni Mkwavinyika. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo za Uhehe zikawa nchi moja. Munyigumba alipofariki mwaka 1879 mwanawe hakukuta kiti kinamsubiri. Mwambambe, mtu mzito katika utawala wa Munyigumba, alikitaka kiti hicho, na kijana ikabidi akimbie kwanza kabla ya kurudi na kumshinda. Mapigano ya mwisho yalikuwa Lundamatwe, karibu na barabara kuu unapokwenda Ilula. Wazee wanasema jina hilo maana yake ni mahali vichwa viliporundikwa. Wengi hupita pale kwa basi wakila mahindi ya kuchoma bila kujua.

Wakati huo Uhehe ilikuwa imezungukwa na majirani wenye nguvu. Kusini walikuwepo Wangoni. Walipigana na Wahehe tangu mwaka 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, hakuna aliyemmaliza mwenzake, wakaacha. Njia ya misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara ilipita karibu na nchi ya Mkwawa, naye alitoza hongo. Neno hilo wakati ule lilimaanisha ushuru wa njia, siyo rushwa kama tunavyolitumia leo. Wajerumani walipoanza kujiona wenye nchi, misafara ile ndiyo ilikuwa chanzo cha ugomvi.

Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, akiwa na Wazungu 13, askari 320 hivi na wapagazi 170. Masimulizi ya Wahehe yanasema Mkwawa alituma wajumbe kwanza, na wajumbe wale wakapigwa risasi. Tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, jeshi la Wahehe lililokuwa limejificha lilitokea ghafla. Wazungu 10 walikufa, Zelewski akiwemo, na askari karibu 250. Bunduki karibu 300 na mizinga mitatu ilibaki mikononi mwa Wahehe.

Ushindi ule tunausherehekea, na ni haki yetu. Jambo lisilosemwa sana ni yale yaliyofuata. Kwa miaka mitatu Mkwawa alikuwa na nafasi ya kutafuta marafiki. Kulikuwa na mazungumzo ya hapa na pale na Wajerumani wa pwani. Alituma watu kwa Chabruma wa Wangoni na kwa Isike wa Unyanyembe kutafuta ushirika, lakini ushirika haukupatikana. Waliopigana nao jana hawakuwa tayari kufa naye kesho. Isike alijilipua ndani ya ngome yake Tabora Januari 1893, akiwa hana mshirika. Mkwawa naye alijenga ukuta mkubwa Kalenga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ukuta ule ulivunjwa na jeshi la Gavana von Schele. Alitoroka, akaendelea kupigana porini kwa miaka karibu minne.

Kwa maoni yangu Mkwawa alishindwa kwenye mazungumzo kabla hajashindwa vitani. Simlaumu. Kila jirani aliyemwendea alikuwa na kidonda alichotiwa na Wahehe.

Upande wa Utengule

Kama unasoma haya ukiwa Mbarali au Mbalizi, huenda umekwisha kukunja uso. Una haki. Habari za Mkwawa zikisimuliwa kutoka Iringa, Wasangu huwa wanatajwa kama wasaliti, na mimi naona hilo ni kuwaonea.

Wasangu ndio waliokuwa wakubwa mwanzoni. Wahehe walijifunza kwao namna ya kupanga jeshi. Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1870 Wahehe waliwasukuma watu wa Mtemi Merere kutoka kwenye mbuga za Usangu hadi Usafwa, karibu na Mbalizi ya leo, wakajenga ngome ya mawe pale Utengule. Ndiyo sababu mkoa wa Mbeya una Utengule mbili, ile ya Usangu na ile ya karibu na Mbalizi. Moja ni nyumbani, nyingine ni ukimbizini.

Wajerumani walipofika, ukoo wa Merere uliona mlango umefunguka. Waliungana na wageni dhidi ya Mkwawa, na miaka ya mwisho ya karne ile wakarudi Usangu. Huo nao ni udiplomasia. Waliipata nchi yao bila vita kubwa ya kwao wenyewe. Gharama ilikuja baadaye, kodi ilipoanza kukusanywa na mtemi akageuka kuwa mtu wa kupokea amri za ofisi ya Wajerumani. Ukiwauliza Wasangu wa mwaka 1898 nani alikuwa adui wa nchi, jibu lao lisingekuwa Mjerumani.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu hata leo, tunapozungumzia mabaki na vitu vilivyochukuliwa, kila ukoo unakuja na historia yake. Hakuna sauti moja ya "watu wa kusini".

Kichwa kinaondoka

Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, alianzisha boma jipya pale tunapopaita Iringa mjini leo. Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakidhani wamepata mtu wa kuwatawala Wahehe kwa niaba yao. Baada ya wiki chache wakamshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamnyonga Februari 1897. Kisha wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kikosi kilichokuwa kinamfuata kilisikia mlio wa bunduki. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi. Sajini Merkl alimkata kichwa na kukipeleka bomani Iringa. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, ambako kaburi lipo hadi leo, na kichwa kikaingia kwenye safari ya miaka 56.

Kipengele namba 246

Hapa ndipo hadithi inapotoka vitani na kuingia ofisini.

Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza inaisha, Mwingereza aliyekuwa akitawala koloni hili, Horace Byatt, aliiandikia serikali yake London akipendekeza fuvu la Mkwawa lidaiwe. Sababu zake zilikuwa mbili. Wahehe waliwasaidia Waingereza kwenye vita, na kurudi kwa fuvu kungewaonyesha wenyeji kwamba nguvu ya Mjerumani imekwisha. Hakuna mahali aliposema ni kwa sababu ukoo unaomboleza.

Pendekezo lile lilifika mbali. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, una vipengele 440 kuhusu mipaka ya nchi, fidia, meli na reli. Kipengele namba 246 kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi 6: Qurani ya Khalifa Othman iende kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza. Soma tena hapo mwisho. Kwa serikali ya Uingereza, siyo kwa Wahehe. Karatasi ile haikumtaja mtoto wala ndugu wa marehemu.

Ujerumani ilijibu kwamba fuvu halionekani. Waingereza, ambao faida yao ilikuwa imepungua kwa kuwa nchi walikwisha kuipata, hawakusumbuka tena. Miezi 6 ikawa zaidi ya miaka 30.

Mjukuu

Katika miaka hiyo Waingereza walirudisha utemi wa Uhehe katika nyumba ya Mkwawa, chini ya mfumo wao wa kutawala kupitia machifu. Mwanawe Mkwawa, Sapi, alitawazwa mwaka 1926. Mwaka 1940 kiti kikaenda kwa Adam Sapi, kijana wa miaka 20 tu, aliyezaliwa mwaka 1920, miaka 22 baada ya kifo cha babu yake.

Fikiria hali yake. Jina lake ni la mtu aliyekufa akiwakataa Wazungu, na mshahara wake unatoka kwa Wazungu. Watu wake wanamtazama kuona kama damu ile ipo. Mkuu wa wilaya naye anamtazama kuona kama damu ile ipo, lakini kwa sababu nyingine. Mtu wa namna hiyo akisema neno moja la ziada kwa upande wowote, ameharibu.

Gavana Edward Twining alikuja Tanganyika mwaka 1949, akalifufua suala la fuvu. Barua zilikwenda Ujerumani, na jibu likaja kwamba huenda lipo kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Kabla ya kwenda, Twining alihakikisha vichwa vya jamaa wa Mkwawa vimepimwa, upana kwa urefu, kwa kuamini kwamba umbo la kichwa hurithiwa. Kipimo kikatoka 71 kwa mia. Mwaka 1953 alifika Bremen mwenyewe. Aliwekewa mbele yake akiba ya mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka Afrika Mashariki. Mawili yalikuwa na kipimo cha 71, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa na tundu la risasi. Akalichagua hilo.

Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, Kalenga, mbele ya umati mkubwa.

Itazame tarehe hiyo. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na Waingereza walihitaji makabila yenye sifa ya vita yabaki upande wao. Siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Gavana alikuwa anawapa Wahehe zawadi kubwa ili wamkumbuke yeye upepo utakapobadilika. Chifu Adam alikuwa anaipokea.

Kuna watu wanaosema alitumiwa. Ndiyo, Waingereza walimtumia. Lakini yeye naye aliwatumia. Ukoo ulipata kitu ambacho mkataba uliotiwa saini na mataifa makubwa ya dunia ulishindwa kukileta. Na upepo ulipobadilika kweli, mjukuu hakuwa amejifungia kwenye nyumba ya gavana. Miaka minane baada ya siku ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge la Tanganyika huru, chini ya serikali ya TANU.

Kutoka kiti cha utemi hadi kiti cha Spika

Spika wa kwanza wa nchi huru alikuwa Abdulkarim Karimjee. Adam Sapi alimrithi mwaka 1962, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka uliofuata Bunge lilifuta sheria ya machifu. Yaani chombo alichokuwa anakiongoza ndicho kilichokata mamlaka ya kiti alichokuwa amekirithi.

Wenzake wengine hawakuweza hatua hiyo. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa Waziri wa Sheria wa kwanza, akajiuzulu mwaka 1963. Adam Sapi aliona mapema kwamba heshima ya nyumba yake isingelindwa tena na utemi, ila na nafasi ndani ya dola mpya. Alikaa kwenye kiti cha Spika hadi 1973, akampisha Erasto Mang'enya kwa miaka miwili, akarudi 1975 na kukaa hadi 1994. Jumla ni miaka 30. Hakuna aliyemfikia.

Wamarekani wanayo familia ya Adams ambayo huitaja kwa mambo kama haya. John Adams alikuwa Rais wa 2 wa nchi yao. Mwanawe John Quincy Adams alikuwa balozi katika nchi kadhaa za Ulaya kabla ya kuwa Rais wa 6. Mjukuu, Charles Francis Adams, alikuwa balozi wao London tangu 1861 hadi 1868, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akihangaika Uingereza isiwaunge mkono waliojitenga. Babu aliasi Uingereza, mjukuu akatumwa kuibembeleza. Kalenga hawana haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hilo.

Tofauti ni kwamba Adams wa London alikuwa na uhuru wa kubishana. Spika wetu alikuwa na nafasi finyu. Tangu 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja, na maamuzi makubwa yalifanywa na chama kabla hayajafika bungeni. Oktoba 1968 kundi la wabunge lilifukuzwa TANU na kupoteza viti, miongoni mwao Eli Anangisye aliyetoka Rungwe, huku kwetu, na Joseph Kasella-Bantu. Baadhi yao kosa lao lilikuwa kusema kwamba Bunge liwe na kauli juu ya chama. Spika hakuwazuia wenye nguvu kuwatoa, na kwa mfumo wa wakati ule asingeweza. Ukitaka kumpima Adam Sapi kwa haki, iweke hiyo kwenye mizani pamoja na 1954. Ustadi wa kuishi na kila serikali una bei yake, na mara nyingi bei hiyo hulipwa na mtu mwingine.

Hata hivyo aliliongoza Bunge hadi sheria ya vyama vingi ikapita mwaka 1992, akaondoka mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 1995. Alifariki mwaka 1999. Tangu hapo ukanda wetu umetoa Maspika wengine wawili: Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, 2010 hadi 2015, na Dk. Tulia Ackson wa Mbeya, kuanzia Februari 2022 hadi 2025. Hao wawili hawakupanda kwa majina ya mababu, na kwa kiti kilichofunguliwa na mjukuu wa mtemi, hayo ni mageuzi ya kutosha.

Leo nani anaingia kwenye chumba cha mazungumzo?

Turudi Songea, na Moshi pia. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kati yake 904 yalionekana kutoka maeneo ya Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya. Familia za Kilimanjaro zilikuwa zimetoa sampuli za mate ili vinasaba vilinganishwe. Majibu yaliunganisha fuvu moja na familia ya Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mengine mawili na ukoo wa Mangi Molelia. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe, ambalo ukoo umelitafuta kwa miaka mingi, halikuonekana humo.

Tumefika mbali kutoka siku ambayo gavana alichagua fuvu kwa kupima upana na urefu. Na hapo pana jambo la kusemwa kwa uwazi kuhusu Kalenga. Kipimo cha Bremen kisingekubalika leo. Wapo wasomi waliotilia shaka tangu zamani kama fuvu lile ni la Mkwawa. Kipimo cha vinasaba kingeweza kujibu, lakini swali la kama kifanyike au kisifanyike ni la ukoo, siyo la wanahabari wala la wageni. Fuvu lile limekwisha kupokelewa, limeombolezwa na limekaa miaka zaidi ya 70 kati ya watu wake. Mimi ningeogopa kuliingilia bila kuitwa.

Kwa wanaosubiri, hali ya sasa ni tofauti na ya 1954 kwa njia mbili. Ya kwanza inawasaidia: sayansi ipo, na Ujerumani yenyewe imekiri kosa kwa kinywa cha rais wake. Ya pili inawabana: mwaka 1954 kulikuwa na gavana aliyelihitaji fuvu kwa ajili yake, akalifuata hadi kwenye rafu. Leo mazungumzo ni ya serikali na serikali, na hakuna upande ambao utaamka usiku kwa ajili ya mfupa wa mtu mmoja. Anayeamka usiku ni mjukuu, na mjukuu hana kiti kwenye chumba hicho isipokuwa akialikwa.

Machifu kwa sasa wanasikika kuliko walivyosikika kwa miaka mingi. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipewa na machifu jina la Chifu Hangaya kule Magu, Mwanza, na tangu hapo shughuli zao zimepata nafasi kwenye hafla za kitaifa. Ngoma na mavazi ni vizuri. Lakini hafla siyo mazungumzo. Ukoo wa Mbano hauhitaji kusimama kwenye jukwaa wageni wakipiga picha. Unahitaji mtu wake awepo pale orodha za makumbusho zinaposomwa, mwenye haki ya kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili.

Na hapo ndipo kazi ya Adam Sapi inaponifanya nifikiri. Alipata alichopata kwa kuwa alikuwa ndani. Alikuwa chifu aliyetambuliwa kisheria, na gavana alilazimika kumkabidhi yeye. Sheria ile haipo tena tangu 1963, na sioni sababu ya kuirudisha, maana utemi haukuwa wa upole kwa kila mtu. Waulize Wasangu. Lakini pengo alilokuwa analijaza bado lipo. Ukoo unaodai mabaki ya mtu wake hauna hadhi yoyote ya kisheria katika madai hayo, na hilo linaweza kurekebishwa na Bunge lile lile alilolikalia miaka 30, kwa sheria fupi tu ya kuwatambua wazao kama sehemu ya madai.

Wakati hilo halijafanyika, kuna mambo ambayo familia inaweza kuyafanya bila kungoja ofisi. Majibu ya Moshi yalipatikana kwa sababu wazao walijulikana na walikuwa tayari kutoa sampuli. Kwa hiyo andikeni ukoo wenu sasa, wazee wakiwa hai: nani mtoto wa nani, nani alioa wapi, nani alinyongwa, wapi na mwaka gani, na nani alichukuliwa. Daftari la shule linatosha. Rekodi ya sauti kwenye simu nayo inafaa, mradi mwenye kusimulia ataje jina lake na tarehe mwanzoni.

Wanaotaka kuona wenyewe, Makumbusho ya Kalenga yapo kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha. Fuvu limewekwa ndani ya kioo. Karibu na hapo yapo makaburi ya familia, la Chifu Sapi na la Chifu Adam. Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa bila kichwa, ni mbele zaidi kwa barabara hiyo hiyo, na kipindi cha mvua uliza kwanza hali ya njia kabla hujakodi bodaboda.